Nakala Safi

Sijawahi kusahihisha insha nikiwa nimeketi. Walimu wenzangu walikuwa na meza zao, mimi nilikuwa na sakafu. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, daftari mkono wa kushoto, kalamu nyekundu mkono wa kulia, nikisoma kwa sauti ya chini na kukata. Mke wangu alinitania kwamba Kiswahili kinamaliza soli za viatu vyangu. Hakukosea sana. Kosa kwenye karatasi lilinikera kama kokoto ndani ya kiatu, na sikutulia mpaka nilitoe. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa maneno ya mama wa Budondo.

Nilizaliwa Jinja, katika nyumba ya Waislamu wauza vitambaa. Kiswahili kwetu kilikuwa cha dukani, cha jikoni na cha madrasa, na utotoni sikujua kwamba kinaweza kumtisha mtu. Nje ya mlango wetu mambo yalikuwa mengine. Kwa majirani zetu Wasoga, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, mtu akiitwa kwa Kiswahili njiani, mkono ulikimbilia mfukoni kutafuta kitambulisho kabla hajageuka kuona ni nani. Siku moja nilimwita jirani yetu ili nimrudishie kikapu alichokisahau dukani. Aligeuka na mikono juu, kisha akaniona, akaishusha, akachukua kikapu chake akaenda.

Vita vya kumng'oa mtawala vilipofika kwetu nilivuka mpaka nikaingia Kenya. Huko nilisomea ualimu, nikafundisha insha miaka kadhaa, wakaguzi wakanisifu, na kichwa kikanivimba. Niliporudi, vita vingine navyo vilikuwa vimepita juu ya nchi. Viwanda vya Jinja vilikuwa kimya. Shule ya Mpumudde niliyopangiwa haikuwa na kioo hata kimoja dirishani, na madawati yake yalikuwa yameishia mekoni kwa wanajeshi. Watu walikuwa wakipiga chokaa kuta na kununua mabati, kila mmoja na haraka yake. Haraka yangu mimi ilikuwa kukitoa Kiswahili mdomoni mwa bunduki na kukiingiza kwenye ratiba ya shule. Nilijiona naweza. Sina hakika kama niliona mbali au nilikuwa na kiherehere tu.

Mwalimu mkuu alinipa chumba kwa alasiri tatu za juma, nikaanzisha darasa la kuandika kwa watu wazima. Walikuja fundi cherehani mmoja, wanawake wachache wa sokoni, na askari jela kadhaa, Wakristo kutoka Teso na kaskazini, wakiongozwa na sajini mpole mwenye mwili mkubwa ambaye kila mtu alimwita afande. Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Mwanafunzi aliandika rasimu, mimi nikaisahihisha, yeye akainakili upya kwa mwandiko mzuri. Hiyo tuliiita nakala safi. Rasimu zote zenye wino mwekundu tulimpelekea mama muuza karanga aliyekaa langoni mwa shule, akazisokota kuwa pakiti, naye kwa shukrani alitupa karanga za kutafuna darasani. Tulikula karanga kutoka ndani ya makosa yetu wenyewe, na tulicheka sana juu ya jambo hilo.

Mama wa Budondo, kijiji cha nje ya mji, alikuja juma la tatu. Alipakiwa na boda boda ya baiskeli mpaka langoni, akaingia amevaa gomesi, gauni refu la mshipi, la buluu iliyofifia, akakaa karibu na mlango. Nilimuuliza kama anataka kujifunza kuandika barua.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Mimi nataka kujua ile maneno ya maaskari."

Kipande kwa kipande, alitueleza. Katika miaka ya katikati ya vita viwili, askari watatu walimchukua mumewe mbele ya nyumba yao, na hakurudi. Walisema naye kwa Kiswahili, na yeye wakati ule hakukijua hata kidogo. Lakini sauti zao zilimkaa masikioni. Alikuwa ameyahifadhi maneno yao yote, moja baada ya jingine, kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura asiyoijua maana. Angeweza kumwendea jirani yeyote amtafsirie, alisema, ila hakutaka kuambiwa na mtu. Alitaka kuyaelewa mwenyewe. Kisha akayatamka pale darasani, kwa sauti kavu isiyo yake. Sajini aliinamisha kichwa akatazama buti zake, na hakukiinua mpaka kipindi kilipokwisha.

Miezi sita baadaye alikuwa anaelewa kila neno, na alikuwa anaandika. Insha yake ya kwanza ndefu ilikuwa ya siku ile ile. Naikumbuka yote, na sababu ya kuikumbuka nitaieleza.

"Maaskari nakuja tatu. Nasema wewe toka. Nasema leta kipande. Bwana yangu natoa kipande. Nasema hii kipande ya nini, vua kiatu. Yeye navua. Mimi nashika mukono yake. Moja nasema wewe bibi toka hapa, rudi nyumba, wewe nalia ya nini, yeye nakuja. Mimi narudi nyumba. Kiatu nabaki kwa njia."

Wakati huohuo serikali mpya ilikuwa imeunda kamati ya kukusanya maoni kuhusu lugha zitakazofundishwa shuleni. Kamati ilizunguka wilaya kwa wilaya, na upande wetu wa mashariki ingekaa Mbale. Katibu wake aliwaandikia walimu wa uandishi. Barua ilisema kwamba kila mtu anajua Kiswahili kinavyosemwa nchini. Swali ni kama kuna raia anayekiandika, mbali na polisi wanapochukua maelezo ya mshtakiwa. Tuliombwa kuleta maandishi ya watu wa kawaida. Niliisoma barua ile nikizunguka uwanja wa shule mara tatu. Watu hudhani sera ya lugha hutungwa na wakubwa waliofunga tai. Mimi nilikuwa nimeshika ushahidi kwamba wanatungojea sisi, watu wa chaki na wino.

Nilimwomba mama insha yake. Alikaa nayo siku mbili kabla ya kujibu.

"Chukua," alisema. "Lakini soma vile mimi naandika. Wewe hapana badilisha."

Nikamwahidi. Wallahi, nilipoahidi sikuwa na nia mbaya. Nilidhani anamaanisha kisa: nisiongeze askari wa nne, nisimfufue mume. Kwamba alimaanisha maneno yenyewe, hilo halikunipitia kichwani, kwa sababu kwa mwalimu wa insha maneno ni vumbi la kupanguswa ili kisa kionekane.

Ulikuwa msimu wa kupanda, mama yuko shambani, na tarehe ya Mbale ilikuwa imekaribia. Nikaiandika nakala safi mimi mwenyewe. Nilianza na sarufi tu. Lakini mkono ukishapata joto haukai. Niliwaza wale wakubwa wakisikia "wewe toka" na kusema, hii ndiyo lugha tuliyoikimbia. Niliwaza kwamba darasa langu litafungwa kwa ajili ya ukali wa askari watatu. Nikawavika adabu. Ikatoka hivi:

"Walikuja askari watatu. Wakamwambia mume wangu, 'Bwana, tafadhali toka nje utuonyeshe kitambulisho chako.' Alipowaonyesha, walimtaka avue viatu. Nilipomshika mkono, mmoja wao aliniambia, 'Bibi, tafadhali rudi nyumbani, usilie. Mumeo atarejea.' Nikarudi nyumbani, na viatu vyake vikabaki njiani."

Niliisoma nikaipenda. Nasema kweli, niliipenda. Rasimu nikaitia kwenye rundo la karanga pamoja na nyingine.

Tulikwenda Mbale watatu: mimi, sajini aliyeomba ruhusa kazini, na mama, ambaye alisema anataka kusikia insha yake ikisomwa na mwalimu. Ukumbi ulijaa. Watu walitoka mjini na milimani, wazee kwa vijana, na tangu asubuhi mmoja baada ya mwingine alisimama kukikataa Kiswahili. Mwanamke mmoja alisema mtoto wake hatafundishwa lugha iliyomwibia ng'ombe. Mwingine alisema lugha anayoijua kwa "lala chini" hawezi kuijua kwa "habari za asubuhi". Sikuweza kukaa. Nilisimama nyuma kabisa, nikaegemea ukuta, nikaacha kuegemea, nikatoka nje, nikarudi. Jina la shule yetu lilipoitwa nilifika mbele nikiwa nahema.

Nilisoma insha nne. Ya fundi cherehani iliwachekesha, na mambo yalianza kuninyookea. Ya mama niliiweka mwisho. Niliisoma kwa sauti yangu bora, ile niliyoifanyia mazoezi Kenya. Nilipomaliza, mzee mmoja wa mlima wa Wanale aliinuka polepole.

"Maaskari ya huyu mama ni watu muzuri," alisema. "Ile nakuja kwangu hapana jua tafadhali. Mimi kama naambiwa tafadhali, mimi hapana kimbia."

Ukumbi ulicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu waliochoka. Mimi nami nilitabasamu kidogo, kwa kujikinga. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani aliyekuwa akiandika wakati wote, aliweka kalamu chini.

"Mwalimu," aliuliza, "hivyo ndivyo askari walivyosema?"

Kabla sijajibu, mama wa Budondo alikuwa amesimama kwenye benchi la tatu.

"Hapana," alisema. "Mimi hapana andika hii. Mimi naandika ile maneno wao nasema. Hii ni ya mwalimu. Wao hapana sema tafadhali."

Akakaa. Hakunitazama. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi yenye mwandiko wangu mzuri, natamani ardhi ipasuke. Ndipo benchi likalia na sajini akainuka, mrefu, kofia mkononi.

"Mimi ni askari," alisema. "Mama nasema kweli. Sisi hapana sema kama hii karatasi. Sisi nasema vile mama nasema. Mimi pia nasema hivyo, zamani."

Sijui ilimgharimu nini kusema vile mbele ya watu wale. Najua mzee wa Wanale alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasogea kidogo kwenye benchi walilokaa ili sajini akae vizuri.

Mwenyekiti aliniuliza rasimu iko wapi. Ilibidi niseme, mbele ya kamati ya nchi nzima, kwamba imefungiwa karanga. Aliniomba nirudi Jinja nikaitafute kabla kamati haijafunga kazi yake. Nilimwomba katibu anirudishie ile nakala safi, akakataa. Karatasi ikishapokelewa imepokelewa, alisema, akaibana pamoja na zile nyingine tatu akaitia kwenye faili.

Njiani kurudi nilimkasirikia mama. Aibu yangu niigeuze iwe nini kama si hasira? Nilijiambia ameniumbua, ameliua darasa, ameipa nguvu midomo ya wapinzani, na yote kwa maneno machafu ya watu waliomfanyia uovu. Yeye alikaa na mfuko wake mapajani mpaka tukafika Jinja. Aliposhuka alinigeukia.

"Mwalimu, wewe naogopa nini?" aliuliza, akaenda zake.

Siku tatu nilizunguka na swali hilo. Ya nne nilikwenda kwa muuza karanga na kununua pakiti zote alizokuwa nazo. Nilizifungua pale pale langoni, nikimwaga karanga kwenye kofia yangu, kwenye kanzu, chini. Nilipata nusu ya insha ya askari jela mmoja kuhusu kipindupindu. Nilipata methali za watoto wa darasa la sita. Nilipata mwandiko wangu mwekundu kila mahali, mistari na duara na alama za kuuliza, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ulivyokuwa mwingi kuliko wa wanafunzi. Karatasi ya mama haikuwemo. Ilikuwa imekwisha kwenda na mlaji fulani, ikatupwa.

Nikaenda Budondo. Alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Nilimpa salamu, nikamwambia nimekosa, kwa maneno hayo hayo, bila kupamba. Nikampa daftari jipya na kalamu ya buluu na kumwomba aandike tena.

"Mimi naandika mara moja," alisema. "Sasa wewe."

Akanionyesha kigoda. Nilisema nimezoea kusimama.

"Kaa," alisema.

Nikakaa, magoti yakinifika kidevuni. Alitamka, nami nikaandika. Aliujua ugonjwa wangu, kwa hiyo hakuyatazama maharage tena. Aliutazama mkono wangu. Kila uliposita ili kunyoosha neno, aligonga ukurasa kwa kidole na kurudia alichosema. Wewe toka. Leta kipande. Vua kiatu. Nilikuwa nimeyasoma maneno yale mara nyingi, nikayakata, nikayapaka wino. Kuyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kama yalivyo, sikuwahi. Nilipofika "wewe nalia ya nini" nilishindwa. Nililia pale kwenye kigoda, mtu mzima, na yeye aliningoja, kisha akagonga ukurasa. Jioni tulikuwa tumemaliza mistari sita, na tangu hapo sijaisahau.

Karatasi ile niliipeleka Kampala mwenyewe, nikaiacha kwa karani. Sikupata jibu. Ripoti ilitoka baada ya muda mrefu, na ilipendekeza Kiswahili kifundishwe. Kwenye aya moja iliwashukuru walimu wa uandishi wa mashariki kwa kuonyesha kwamba raia wanaweza kukiandika vizuri. Wenzangu walinipa mikono. Fundi cherehani alinishonea kanzu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikulala vizuri.

Kisha kikaja kitabu. Kilikuwa chembamba, cha karatasi za kurudufu zilizobanwa pembeni, cha kuwaongoza walimu: insha kumi za mfano. Nilikifungua nikiwa natembea, kama kawaida yangu. Kwenye ya saba nilisimama. "Walikuja askari watatu. Wakamwambia mume wangu, 'Bwana, tafadhali toka nje.'" Jina la mwandishi halikuwepo. Chini yake palikuwa na maelekezo: mwalimu awaonyeshe wanafunzi matumizi ya lugha ya adabu katika mazungumzo.

Nilifikiri kukificha. Nitasema ukweli, nilifikiri hivyo kwa juma zima. Kitabu kilikuwa kimekuja kwetu kikiwa kimeagizwa kutoka juu, mama hakuwa anapita tena shuleni, na nani angemwambia? Lakini watoto wangekariri. Nchi nzima ingekariri kwamba askari wale walikuwa waungwana. Na wajukuu wa mama wangerudi nyumbani siku moja wakamsomea.

Nilimpelekea. Alikuwa amezeeka kidogo, na alikisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Nilisimama. Hakuniambia nikae. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Kalamu," alisema.

Nilikuwa na moja tu mfukoni, nyekundu. Tangu niwe mwalimu sikuwahi kumpa mwanafunzi kalamu ile. Nikampa. Alikata "tafadhali" ya kwanza, kwa mstari mzito uliopasua karatasi. Akakata ya pili. Akaendelea kukata mpaka chini, kisha pembeni, kwa herufi zake kubwa nilizomfundisha mimi, akayaandika yale maneno mengine, yote, bila kusita hata mara moja. Alipomaliza alinirudishia kalamu na kitabu pamoja.

"Hii kitabu iko ngapi?" aliuliza.

"Kila shule inacho, mama. Jinja, Mbale, kote."

Alinionyesha njia kwa kidevu.

"Kale," alisema kwa Kisoga, yaani haya. "Anza Mpumudde."

Nikaiweka kalamu mfukoni, nikaanza kutembea.